Kimya cha Mtambo

Asubuhi moja ya Ramadhani ya mwaka 2024, mpima ardhi mmoja wa hapa Malindi alinipigia simu, akanisalimu kwa adabu zote, akaniuliza hali ya nyumbani na ya saumu, kisha akanyamaza kidogo kabla ya kuniambia kwamba tumemtia hasarani. Jana yake alasiri alikuwa amesimamisha kipokezi chake cha GPS karibu na Mambrui, juu ya alama mpya ya msingi aliyokusudia kuipima kwa saa tano mfululizo, tangu saa kumi alasiri hadi saa tatu usiku, akafuturu pale pale kwa tende na maji huku akikilinda chombo chake kisichukuliwe na mtu. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa ameutazama mfumo wetu wa kutabiri hali ya anga za juu akakuta rangi ya kijani, maana yake shwari. Akautazama tena baada ya futari, kijani vile vile. Aliporudi na kuichambua data yake alikuta imekatikakatika kiasi cha kutofaa kitu, hasa kuanzia saa moja na nusu usiku. Hakunifokea. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza, kijani yetu ilikuwa na maana gani.

Sikuwa na jibu, nami nilikuwa miongoni mwa watu waliouandika mfumo huo.

Kazi yangu ni kuandika programu za kutabiri hali ya anga za juu. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani ni mvua na mawingu, nami siku hizi sichoki kueleza kwamba mvua ina wenyewe. Sisi tunafuatilia jua, upepo unaotoka juani, uga sumaku wa dunia, na tabaka la juu la hewa liitwalo ionosfia, ambalo miale ya jua hulijaza elektroni huru. Mawimbi ya kila satelaiti ya GPS hupita humo kabla ya kutufikia, na kila elektroni huyachelewesha kidogo. Wataalamu huzihesabu elektroni hizo kwa kipimo chake maalumu, na kipimo kimoja huongeza kosa la sentimita 16 katika wimbi la kwanza la GPS, kwa hiyo vipimo 50 juu ya kichwa chako ni mita nane za kosa usiloliona. Vipokezi bora husikiliza mawimbi mawili, la kwanza na la pili, na kwa kulinganisha jinsi yalivyocheleweshwa huliondoa karibu kosa lote. Hilo hufanikiwa maadamu ionosfia imetulia. Ikichafuka, mawimbi humetameta kama taa ya mbali inayotazamwa juu ya moto, na kipokezi hupoteza satelaiti moja baada ya nyingine.

Uchafukaji huo kwetu una majira yake, na mtu wa pwani hahitaji grafu ili kuyakumbuka, kwa kuwa huangukia karibu na tanga mbili, ile miezi ambayo upepo haujaamua kuwa kaskazi wala kusi: Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Nilipoligundua hilo kwa mara ya kwanza katika data nilifurahi kama mtoto, nikadhani kuna siri kati ya bahari na mbingu, kumbe zote mbili zinafuata jua tu linapovuka ikweta. Katika miezi hiyo mstari wa magharibi, yaani mpaka wa mchana na usiku unaoipitia dunia, hulala sambamba na mistari ya uga sumaku, ambayo katika sehemu zetu huelekea karibu sana na kaskazini halisi. Jua linapotua, sehemu ya chini ya ionosfia hufifia mara moja katika ncha zote mbili za mistari hiyo, nguvu ya umeme iliyoko huko juu huongezeka kwa muda mfupi, na tabaka zito huinuliwa na kuachwa likikalia utupu. Atakayemimina maji taratibu juu ya mafuta ndani ya bilauri ataona kitakachofuata: kilicho chepesi hakikubali kukaa chini, hupenya na kupanda juu kwa mapovu. Mapovu hayo huanzia kwenye ikweta ya sumaku, ambayo kwa longitudo yetu hupita Ethiopia, hupanda mamia ya kilomita, hunyooka kaskazini na kusini kwa kufuata mistari ya sumaku hadi kufika juu ya Malindi na Lamu, na hujikokota kuelekea mashariki, kutoka bara kuelekea baharini. Yote haya kwa kawaida hutokea kati ya saa moja usiku na saa sita usiku, na hutokea hata siku ambayo jua halina dhoruba yoyote.

Sentensi hiyo ya mwisho ilinigharimu mwaka mzima kuielewa. Nilipoanza kazi hii nilidhani kutabiri ni kuchukua kile kipimo mashuhuri cha msukosuko wa uga sumaku wa dunia kiitwacho Kp, ambacho hutolewa na kituo cha Potsdam nchini Ujerumani kwa kuunganisha vituo 13 vya sumaku, kukigeuza kiwe rangi, na kumpa mtu wa pwani. Lakini vituo hivyo vyote viko mbali na ikweta, na Kp husema kweli kuhusu mahali vilipo. Kwetu usiku wa Kp ya chini unaweza kuwa mbaya kuliko usiku wa Kp ya juu. Ndiyo sababu tulisimamisha vipokezi vyetu wenyewe juu ya mapaa, kimoja Malindi na kimoja Lamu. Hatukuwa wa kwanza kusikiliza mawimbi hapa. Malindi ina kituo cha GPS cha mtandao wa kimataifa tangu miaka ya 1990, na Ngomeni, umbali mfupi kaskazini mwa mji, Waitaliano walirusha satelaiti kutoka majukwaa ya baharini tangu mwaka 1967, mojawapo ikiwa ni Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kwenda kupima miale ya eksi. Wavuvi wa Ngomeni hadi leo huyatumia majukwaa yale kama alama za kujielekeza. Satelaiti zimepita, vyuma vimebaki na vina faida.

Narudi kwa mpima ardhi wangu. Nilikaa na data ya usiku ule baada ya tarawehe, na kosa lilipojitokeza lilikuwa jepesi kiasi cha kuniaibisha. Programu yetu ilikuwa inachukua satelaiti zote zinazoonekana, inapima jinsi kila moja inavyotikisika, kisha inatoa wastani. Ili wastani usiharibiwe na data mbovu, mmoja wetu, nami nasema kweli kwamba ni mimi, aliweka sharti kwamba satelaiti iliyokatika katika dakika tano zilizopita isihesabiwe. Mwandishi yeyote wa programu angefanya hivyo, na angejiona msafi. Saa moja usiku satelaiti kumi na moja zilikuwa zikisikika. Saa mbili kasorobo zilibaki nne, zote upande wa kusini, mbali na mapovu, zimetulia kama maji ya mtungi. Zile saba zilizokuwa zikipigwa zilikuwa zimeondolewa kwa sababu zilipigwa. Kadiri anga ilivyozidi kuchafuka ndivyo mashahidi walivyozidi kutolewa nje ya baraza, na waliobaki ni wale ambao hawakuona kitu. Wastani wao ulikuwa mzuri kuliko wa mchana.

Kulirekebisha hilo kulichukua siku tatu za kuandika na wiki kadhaa za kubishana. Sehemu ya kuandika ilikuwa hivi: tulianza kuhesabu, kwa kutumia ratiba ya mizunguko yao, ni satelaiti ngapi zinapaswa kuonekana juu ya nyuzi 30 kutoka upeo wa macho, na kila isiyosikika ikawa ushahidi badala ya kuwa takataka. Lakini kutosikika kuna sababu nyingi, na mji wetu una zake. Umeme ukikatika, satelaiti zote hupotea katika sekunde ile ile. Waya wa antena ukiliwa na chumvi ya bahari, zote hudhoofika kidogo kidogo kwa siku nyingi, na fundi akipanda juu hukuta kiungo kimegeuka kijani. Kunguru akitua juu ya antena, na kunguru wa Malindi hawamuogopi mtu, hupotea zile za upande mmoja, hurudi, hupotea tena. Ionosfia ina tabia yake ya pekee: satelaiti huondoka moja moja, na karibu kila mara wimbi la pili, ambalo ni dhaifu zaidi, hupotea kabla ya la kwanza. Tulikaa tukiandika namna ya kuzitofautisha hali hizo kama mkunga anavyotofautisha vilio, na kazi hiyo ilinipendeza kuliko kanuni zote za fizikia nilizolazimika kuzisoma.

Mabishano yalihusu rangi. Nilitaka tuwe na rangi ya nne, ya kijivu, yenye maana kwamba hatuna habari za kutosha kusema lolote. Mkuu wa timu yetu, mtu mwelewa na mwenye uzoefu kunizidi, aliipinga kwa hoja ambayo mpaka leo siidharau: mtumiaji akiona kijivu mara tatu ataona mfumo ni mbovu, ataacha kuutazama, na siku ya nyekundu hatakuwepo. Nilimjibu kwamba mpima ardhi tayari ameacha kuutazama kwa sababu ya kijani. Tulizungushana hivyo kwa wiki kadhaa, kila mmoja akiwa na sehemu ya haki. Hatimaye tulikubaliana kwamba kijivu itakuwepo, lakini kamwe haitatokea bila sentensi moja ya kueleza ni kwa nini: umeme umekatika Malindi tangu saa fulani, satelaiti sita hazisikiki na hatujui sababu, intaneti imekatika. Nakiri kwamba sentensi ya katikati, ile ya hatujui sababu, iliniuma kuiandika. Mtu huajiriwa kwa sababu anajua, na hapo nilikuwa naifundisha mashine kukiri kwamba haijui mbele ya watu wanaotulipa.

Kabla ya hapo pengo la data lilikuwa limenicheza kwa namna nyingine iliyo kinyume, nayo niitaje kwa ufupi. Chombo kinachopima upepo wa jua hukaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua, na upepo ukivuma kwa kilomita 400 kwa sekunde hutufikia saa moja hivi baada ya kukipita. Ukivuma kwa 800, nusu saa. Hiyo ndiyo nafasi yote tuliyo nayo ya kujua kwa hakika uga sumaku unaokuja umeelekea kusini, ambako ndiko kwenye madhara, au kaskazini. Katika majedwali yanayoletwa kila dakika, thamani iliyokosekana huandikwa kwa tarakimu ya kubuni, hasi 999.9. Programu yetu ya awali haikuambiwa hivyo. Alfajiri moja simu yangu ilipiga kelele kwamba inakuja dhoruba ambayo ulimwengu haujawahi kuiona, uga sumaku ukiwa umeelekea kusini kwa karibu nanotesla elfu moja. Niliruka kitandani, nikafungua tarakilishi kwa mikono inayotetemeka, nikaona 999.9, nikarudi kulala. Kosa hilo nililirekebisha asubuhi kwa mstari mmoja na sikulifikiria tena. Sasa naona nililipita haraka mno, kwa kuwa kosa la Mambrui lilikuwa ndugu yake wa tumbo moja: hapa pengo lilihesabiwa kuwa kitu, kule pengo lilihesabiwa kuwa si kitu, na katika hali zote mbili hakuna aliyekaa akaliuliza lenyewe ni nini.

Hata hivyo si kila jambo lilihusu pengo. Mwaka uliofuata kipokezi cha Malindi kilianza kutoa tahadhari ndogo kila jioni, kwa satelaiti moja tu, mahali pale pale angani. Nilifurahi kwanza, nikidhani tumegundua povu linalorudi kila siku. Kisha niliona kwamba tahadhari inawahi kwa dakika nne kila jioni: leo saa moja na dakika arubaini, kesho saa moja na dakika thelathini na sita, keshokutwa thelathini na mbili. Jua halina tabia hiyo. Satelaiti za GPS ndizo zenye tabia hiyo, kwa sababu huizunguka dunia mara mbili kwa kila mzunguko wake kamili wa saa 23 na dakika 56, na hurudi mahali pale pale dakika nne mapema kila siku. Basi jambo lilikuwa ardhini. Nilipanda juu ya paa nikatazama upande ule, nikaliona: jirani alikuwa ameondoa makuti ya nyumba yake akaezeka mabati mapya, yanang'aa kama kioo, na mawimbi ya satelaiti ile yalikuwa yakitufikia mara mbili, moja kwa moja na kwa kurudishwa na bati. Siku zote makuti yalikuwa yakiyameza. Tulisogeza antena mita chache, tukampongeza jirani kwa nyumba yake, na hatukumwambia kwamba alikuwa amekaribia kuingia katika orodha yetu ya matukio ya anga za juu.

Lakini lililonifunza zaidi ni lile la Mei 2024, na halikuhusu antena wala kanuni yoyote. Alhamisi tarehe 9, kituo cha Boulder huko Marekani kilitoa tahadhari ya dhoruba ya sumaku ya daraja la G4, la pili kwa ukubwa kati ya madaraja matano, ya kwanza ya daraja hilo tangu Januari 2005. Kundi moja la madoa juani lilikuwa limetapika mawingu kadhaa ya gesi yenye umeme, yote yakielekezwa kwetu. Pwani ilikuwa imechoka kutahadharishwa. Siku chache kabla, kimbunga Hidaya kilikuwa kimeingia Mafia, Tanzania, tarehe 4, na wavuvi wetu waliambiwa wasitoke. Sasa sisi nasi tukaja na dhoruba isiyo na mvua wala wimbi. Usiku ule wa Alhamisi niliandika ujumbe wa Kiswahili kwa wapima ardhi, marubani wa droni na manahodha wachache waliojiandikisha, nikasema kwamba dhoruba inatarajiwa kufika usiku wa Ijumaa. Niliusoma mara mbili, nikaona uko sawa, nikautuma.

Ijumaa baada ya sala, ami yangu alinipigia kutoka Lamu. Ami alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, na sasa hukaa barazani akiwasahihisha walio bado baharini.

"Mwanangu," akasema, "dhoruba yenu imepita, wala hatukuona kitu."

"Haijapita, ami. Ni leo usiku."

"Umeandika usiku wa Ijumaa. Huo ni wa jana."

"Leo ni Ijumaa, ami."

"Leo ni Ijumaa, na usiku wake umepita. Leo likitua jua ni usiku wa Jumamosi. Ulisahau lini?"

Nilikaa kimya. Nimezaliwa katika nyumba ambamo siku huanza magharibi, ambamo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, na watu husoma Yasini usiku huo wakijua hasa ni upi. Nilijua hivyo kabla ya kujua kusoma. Lakini nilipokaa mbele ya tarakilishi niliandika kwa kalenda ya seva, ambayo siku yake huanza saa sita usiku ya mahali pasipo petu. Ami na watu wake walikuwa wamekesha, au tuseme wametega sikio, usiku usiohusika. Na usiku unaohusika walikuwa wanajiandaa kulala kwa amani. Niliwaandikia wote upya mchana ule ule: Ijumaa tarehe 10 baada ya Magharibi, yaani usiku wa kuamkia Jumamosi. Saa mbili na dakika tano usiku, uga sumaku wa dunia ulipigwa ghafla, na kabla ya kucha dhoruba ilikuwa imefika G5, daraja ambalo halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003. Huko Marekani, ambako ulikuwa msimu wa kupanda, kuna wakulima waliolazimika kusimamisha matrekta yanayoongozwa na GPS.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa saa. Kumbukumbu zetu zote huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, na kwa hiyo kishindo kile kimo katika seva yetu kama 17:05. Saa ya ukutani ilisema 20:05. Nami niliposimulia nilisema saa mbili na dakika tano. Nilipozitazama tarakimu hizo tatu pamoja niligundua jambo ambalo halikuwahi kunijia: saa ya Kiswahili iko nyuma ya UTC kwa saa tatu kamili, kama vile saa ya serikali ilivyo mbele yake kwa saa tatu kamili. UTC iko katikati barabara, na makosa ya aina zote mbili hukaa pembeni mwake yakimngoja mwandishi wa programu aliyechoka. Zaidi ya hayo, kati ya saa sita na saa tisa usiku tarehe ya seva bado ni ya jana. Kwa hiyo usiku mmoja wa Malindi unaweza kuwa na majina mawili ya siku, na kila msemaji akawa mkweli. Niliandika sehemu ya programu inayokataa kabisa kutoa maneno "usiku wa" yakifuatwa na jina la siku bila "kuamkia". Ni mistari michache, haina hesabu yoyote ya maana, na katika kazi yangu yote ndiyo ninayoionea fahari.

Dhoruba ile ilikuwa na mkia. Jumapili tarehe 12, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Mtaani swali lilikuwa moja, tena la haki: je, jua ndilo lililokata intaneti? Niliwajibu kwamba sina ushahidi wowote wa kuvihusisha viwili hivyo zaidi ya kufuatana kwa siku, na kwamba nyaya za baharini hukatika mara kwa mara bila kusubiri jua. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyeniuliza. Vipokezi vyetu vya Malindi na Lamu vilikuwa vikipima vizuri, lakini havikuweza kutuma; na mfumo, uliokuwa kwenye seva ya ng'ambo, ulikuwa ukionyesha rangi ya mwisho uliyoipokea, kana kwamba ni ya sasa hivi. Saa nane mchana tulikuwa tunawaonyesha watu hali ya alfajiri. Rangi ya kijivu tuliyoipigania ilikuwepo, lakini tulikuwa tumeifundisha kutambua satelaiti iliyonyamaza, si kipokezi kilichonyamaza kwa sababu ya mtandao, kwani mfumo ulisubiri kipokezi chenyewe kiuletee habari kwamba hakina habari. Sasa kila namba hubeba umri wake, na ikipita dakika kumi na tano bila kuhuishwa hufifia yenyewe mbele ya msomaji, hata kama hakuna mtu wala mashine iliyoiambia ifanye hivyo.

Nataka kusema jambo moja ambalo wenzangu hawapendi nilitaje hadharani: mvuvi wa kawaida hatuhitaji sana. GPS yake ya mkononi ikikosea mita kumi usiku wa mapovu, yeye atauona mwamba kwa povu la mawimbi na kwa sauti yake, na kwa hakika hatapita mlango wa bahari kwa kutazama kioo peke yake. Tukiomba fedha husema tunawatumikia wavuvi kwa sababu picha ya mvuvi hupendeza. Wanaotuhitaji ni mpima ardhi ambaye sentimita tano kwake ni kesi mahakamani, rubani wa droni, na vyombo vinavyopima kina cha maji ya bandari. Na hao hawataki kuelezwa habari za jua. Wanataka kujua saa ya kusimamisha kazi na saa ya kuianza tena.

Mpima ardhi wa Mambrui alirudi kwetu mwezi wa Oktoba, tanga mbili iliyofuata. Aliniambia kwamba jioni moja alikuta kijivu, chini yake maneno kwamba satelaiti tano hazisikiki na sababu haijulikani, akafunga vyombo vyake akarudi nyumbani mapema. Nilimweleza kwamba baadaye tuligundua ni kunguru. Alicheka sana, akasema hata hivyo alilala vizuri.

Ami naye bado hupokea jumbe zetu na kuzisambaza kwa wenzake wa barazani Lamu. Juzi nilikwenda kumsalimu, nikaona katika simu yake ujumbe wangu wa wiki ile, nikashangaa ufupi wake. Aya yote ya kwanza, ile niliyoeleza kwa bidii habari za upepo wa jua na kasi yake, haikuwepo. Nilimuuliza imekwenda wapi.

"Niliifuta," akasema. "Niliwaachia usiku na saa."

Kisha akanionyesha kwa kidole mahali nilipokuwa nimeandika Magharibi bila kutaja ya wapi, akaniuliza kama najua kwamba Lamu jua hutua kabla ya Malindi.